Madaftari ya chama cha kuzikana: tuyachome, tuyapige picha, au tuwape mafundi majeneza?

"Shikamoo mwalimu. Nipo Mbeya mjini. Chama chetu cha kufa na kuzikana kilianza mwaka 1978, na babu yangu alikuwa katibu wake kwa miaka mingi. Alifariki mwaka jana, ametuachia sanduku la bati lenye madaftari kumi na moja: michango, majina ya wafiwa, zamu za kuchimba kaburi, hata bei za majeneza. Mawili yameliwa na mchwa pembeni na moja lina ukungu. Shangazi anasema yachomwe, si vizuri kulaza majina ya marehemu ndani ya nyumba. Kaka anasema tuyapige picha kwa simu halafu tuyatupe. Na sasa mafundi majeneza wa hapa mtaani wanaunda umoja wao, wamekuja kuyaomba yawe historia yao. Wanasema hata Ulaya na Marekani vyama vya watu wa mazishi vina makumbusho. Tufanye nini? Halafu kuna jirani anahitaji uthibitisho wa kifo cha babu yake kwa ajili ya mirathi, je, daftari linatosha?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa babu.

Umeuliza mengi, ila naona hofu iliyo chini yake ni moja: mnaogopa kuwakosea heshima marehemu, iwe kwa kuyatunza madaftari au kwa kuyatupa. Hofu hiyo ni ya watu wema. Nitaanza na lile lisilosubiri kikao cha ukoo.

Leo hii litoeni sanduku sakafuni. Watu wengi wanadhani mchwa anaishi ndani ya daftari kama mende, hivyo wananunua dawa na kupuliza juu ya karatasi. Mchwa wetu huyu anaishi ardhini. Anapanda kwa kijinjia cha udongo alichokijenga mwenyewe, anakula, anarudi chini. Geuzeni sanduku muangalie kitako chake. Huenda mtakuta kutu imetoboa kwenye kona, na hapo ndipo alipoingilia. Mkivunja kile kijinjia cha udongo na kuliweka sanduku juu ya meza au matofali mbali na ukuta, mmeshamkatia njia, bila tone la dawa. Dawa ya kupuliza inaacha madoa kwenye karatasi na inamdhuru atakayefungua kurasa kesho.

Lile lenye ukungu litengeni na mengine, na msilifungue ndani mnamolala. Ukungu ni kiumbe hai, na chakula chake ni karatasi, gundi na unyevu. Kwetu nyanda za juu unyevu ni wa kutosha: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na hapo Juni na Julai usiku wa baridi bati linatoa jasho kwa ndani kama sufuria iliyofunikwa. Lisimamisheni daftari wazi kidogo kama feni, kivulini, mahali penye hewa inayopita, siku kadhaa. Likishakauka kabisa, mmoja wenu avae barakoa, atoke nje, asimame upepo ukiwa mgongoni, apanguse kila ukurasa polepole kwa brashi laini ya kupakia rangi ambayo haijatumika. Kitambaa kibichi hapana, kinausukuma ukungu uzame. Jua la saa sita nalo hapana; linakausha kweli, lakini karatasi inakakamaa na wino wa biki unapauka.

Sasa shangazi. Naomba msimchukulie kama mtu wa zamani asiyeelewa. Anachosema ni kwamba vitu vya msiba vina mwisho wake: matanga yanaanuliwa, turubai linarudishwa, watu wanaenda makwao. Kinachokaa ndani baada ya hapo kinaleta uzito. Lakini muulizeni kwa upole: je, madaftari haya ni vitu vya msiba, au ni vitu vya deni? Nadhani hapo ndipo mtakapoelewana.

Niliwahi kukaa siku nzima na daftari kama la babu yako, kaunta buku la kwaya tatu, lililotoka kijiji kimoja cha Rungwe. Katibu alikuwa amepiga mistari kwa rula. Upande wa kushoto jina la aliyekuja, katikati alicholeta, kulia nafasi tupu. Debe moja la mahindi. Mzigo wa kuni. Shilingi tano. Kanga doti moja. Mbele ya majina mengine hakukuwa na kitu zaidi ya neno moja, "alichimba." Ile nafasi ya kulia ilikuwa inajazwa miaka baadaye, kwa kalamu nyingine: "amerudishiwa, msiba wa mama yake." Jina moja lilikuwa limesubiri miaka kumi na minne kabla nafasi yake haijajazwa. Mtu yule hakuwa amesahauliwa; kijiji kizima kilikuwa kinadaiwa naye heri ya kumzikia mtu wake, na daftari lilikuwa shahidi.

Kwa hiyo daftari la kuzikana ni ahadi kati ya watu walio hai, na wengi wa walioandikwa humo bado wapo, au wapo watoto wao. Ukilichoma, unafuta madeni ya watu bila ruhusa yao. Kama uzito wa kulala nalo chumba kimoja unamsumbua shangazi, ana haki, na dawa yake ni rahisi: likae ofisi ya chama, au kwa mwenyekiti, au kabati la kanisa au msikiti mnaouamini, kwa maandishi na mashahidi wawili. Yeye mwenyewe awe mmoja wa mashahidi hao.

Kuhusu kaka yako, nusu ya wazo lake ni nzuri sana. Pigeni picha, tena anzeni kabla mvua za Novemba hazijaanza. Nusu ya pili, ya kutupa, ndiyo kosa. Picha inaonyesha maneno, haionyeshi kwamba mstari huu uliandikwa kwa kalamu ya siku ileile na ule uliongezwa baadaye, wala kwamba ukurasa ulichanwa, wala karatasi ndogo iliyobandikwa kwa gundi ya unga. Na simu zinaibiwa, flashi zinakufa bila kuaga. Daftari la 1978 bado linasomeka leo bila umeme. Sina uhakika huo juu ya flashi yoyote niliyonayo nyumbani.

Nawapa mfano wa kwetu, wenye uzito wake. Chifu Mkwawa wa Wahehe alijiua Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita ya Kwanza ya Dunia, kifungu cha 246, uliwaamuru Wajerumani walirudishe fuvu lake. Lilirudi mwaka 1954, na sasa lipo katika makumbusho ya Kalenga, wakati mwili wake ulizikwa Mlambalasi. Kwa nini miaka yote hiyo? Siasa ilichelewesha, lakini pia lilipotafutwa kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilazimika kuchagua kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa chifu. Kipande cha karatasi kilichoshikamana na kile kichwa tangu siku ya kwanza kingewaondolea Wahehe shaka yote. Kitu cha marehemu kikishatengana na maandishi yake, hakuna fundi anayeweza kuyarudisha.

Namna ya kupiga picha ni hii. Kaeni karibu na dirisha, taa ya simu izimwe, daftari lilale juu ya kitambaa cheusi, simu iwe juu yake sawasawa, isiinamishwe. Pigeni kuanzia jalada la mbele hadi jalada la nyuma, kurasa tupu pia, kwa sababu ukurasa tupu nao unasema kitu: pengine chama kilisimama. Msirukeruke, na msiyapange upya madaftari kwa miaka mnayodhani ni sahihi; mpangilio alioacha babu ni sehemu ya habari. Kila picha ipewe jina la namba ya daftari na namba ya ukurasa. Msizirushe kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana inazibana na maandishi madogo yanafifia. Zitumeni kama faili. Nakala ziwe tatu, mahali pawili tofauti angalau, moja nje kabisa ya Mbeya, kwa ndugu aliyeko Iringa au Dar es Salaam. Kila mwaka mtu azifungue aone kama bado zinafunguka.

Yale madaftari yenyewe yatadumu mkiyaondolea maadui wake. Karatasi ya bei nafuu imetengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi zake. Gundi hiyo ikikutana na mwanga na hewa hutoa asidi, na asidi inazikata nyuzi moja baada ya nyingine. Ndiyo maana gazeti la zamani ni la njano na linavunjika kama mkate mkavu. Kuiondoa karatasi kwenye mwanga na kuiweka mahali pa ubaridi mkavu kunapunguza kasi hiyo. Ondoeni pini na klipu zinazoshika kutu, na raba bendi ambazo zikizeeka zinayeyuka na kugandia. Msiunge kilichochanika kwa selotepu, baada ya miaka michache inageuka kahawia na kuachia, doa linabaki. Na nawasihi, msimpelekee kijana wa stesheneri aweke laminesheni. Watu wanaiona kama ulinzi. Ni moto na gundi ya plastiki ambayo haitoki tena, na asidi inabaki imefungiwa ndani ikiendelea na kazi yake. Mfuko wa nailoni uliofungwa nao unafungia unyevu. Lifungeni kila daftari kwa kitambaa safi cha pamba kisichochuja rangi, kisha kwenye boksi gumu la karatasi, kabati la juu, ukuta wa ndani wa nyumba usiopigwa na mvua.

Tuje kwa mafundi majeneza. Nimefurahi kusikia wanaunda umoja, na wana hoja. Ni kweli wenzao wa mbali wamefanya hivyo. Chama cha kitaifa cha watu wa mazishi Marekani kilianzishwa mwaka 1882. Uingereza walikuwa na chao mwaka 1905, ambacho mwaka 1935 kilibadili jina. Jijini Vienna kuna makumbusho ya mazishi tangu 1967, na Houston, Texas, yalifunguliwa makubwa mwaka 1992. Wengi wa waanzilishi wa vyama hivyo walitoka kwenye useremala na uuzaji wa samani, kama hawa wa kwenu: fundi wa makabati aliyeombwa sanduku usiku, akajikuta siku moja hiyo ndiyo kazi yake. Waliungana kwa sababu walitaka ufundi wao utambulike, bei zisiharibiwe na matapeli, na mwanagenzi afundishwe namna ya kumhudumia mfiwa.

Lakini angalieni wamekusanya nini kwenye makumbusho yao. Magari ya kubebea maiti, majeneza ya mitindo ya zamani, vyombo vya kazi, vitabu vya oda, vipeperushi vya bei. Vitu vya kazi yao wenyewe. Msingi wa historia ya fundi ni alichokitengeneza, na hapa mafundi wa Mbeya ni matajiri bila kujijua. Wana rula zenye alama za vipimo vya watu wazima na watoto. Wana vitabu vya risiti. Wana habari ya mbao: lini paini kutoka msitu wa Sao Hill kule Mafinga ilianza kujaa masokoni, nani bado anaagiza mninga, lini satini na vishikio vya dhahabu-dhahabu vilianza kutakiwa. Zaidi ya yote wana wazee. Nendeni mkamkalishe fundi mzee mmoja mkiwa na simu ya kurekodia, mmuulize kuhusu usiku alioutengenezea jeneza uani kwa mfiwa. Wazee hao wanakumbuka jeneza lilikuwa halinunuliwi: mbao zilichangwa, mwingine akang'oa mlango wa stoo yake, fundi akakesha akigonga misumari huku wanawake wakiimba ndani, na kila pigo la nyundo lilisikika hadi kwa mjane. Mzee mmoja aliniambia alikuwa anaweka kipande cha kitambaa juu ya msumari ili sauti ya nyundo ipungue. Habari hiyo haimo kwenye daftari lolote, na yeye akiondoka inaondoka naye.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: msiwape madaftari. Wapeni nakala ya kurasa za bei na aina za mbao, baada ya chama chenu kukaa na kukubali, majina ya wafiwa yakiwa yamefichwa. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba madaftari si ya familia yenu peke yenu. Babu alikuwa katibu, mali ni ya wanachama, hivyo hata ninyi hamna mamlaka ya kuyagawa. Ya pili inaniuma zaidi. Angalieni kurasa za miaka ya 1990. Wengi tulioishi Mbeya na Iringa enzi zile tunakumbuka Jumamosi zenye mazishi mawili matatu, vijana watupu. Makatibu wengine waliandika sababu ya kifo pembeni, au walivyodhani, au kile ambacho watu walinong'ona. Watoto wa marehemu hao sasa ni watu wazima wenye familia. Haifai jina la mama yao na lile neno la pembeni vining'inie kwenye ukuta wa duka la majeneza. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, hili ni jambo la utu.

Najua kuna upande wa pili na nitausema. Vitu vikifichwa sana, historia yetu inaandikwa na wengine. Mazishi ya Wanyakyusa, vilio vyake na ngoma ya wanaume wenye mikuki, yaliandikwa kwa kina na Godfrey Wilson na mkewe Monica waliokaa kule miaka ya 1930. Kazi yao ni nzuri, nawashukuru, lakini makaratasi na picha zao vipo Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwanafunzi wa Tukuyu anayetaka kujua babu zake walizikwaje anaanzia Afrika Kusini. Kwa hiyo sitaki mfunge sanduku na kumeza ufunguo. Wekeni kanuni, kwa mfano kurasa za miaka ya karibuni zisisomwe na asiye mwanachama mpaka muda mtakaokubaliana upite, na za mwanzo zifunguliwe kwa mwanafunzi anayekuja na barua.

Umoja wa mafundi nao uwekwe kwenye msingi imara kabla ya kufikiria makumbusho. Wakitaka kuwa chama cha kijamii, wanasajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Wakitaka kununua mbao kwa pamoja na kugawana faida, ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013 unawafaa zaidi, na wamwone Afisa Ushirika wa halmashauri. Wasianze kwa kukusanya pesa bila katiba. Nimeona umoja mzuri wa mafundi, mkoa mwingine, ukisambaratika ndani ya mwaka mmoja kwa sababu hiyo tu. Na kwenye katiba yao waweke mstari mmoja unaosema nani anatunza kumbukumbu na zitaenda wapi chama kikifa.

Kuhusu jirani na mirathi: daftari peke yake halitoshi. Mahakama inataka cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, lakini kilichochelewa bado kinasajiliwa. Aanzie kwa msajili wa wilaya, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akiwa na barua ya serikali ya mtaa. Hapo daftari lina msaada wake: linampa tarehe, mahali alipozikwa, na majina ya walioshuhudia ambao huenda bado wapo. Kama marehemu alikuwa Mkatoliki, parokia ina kitabu cha marehemu. Makanisa mengine nayo mengi yana rejesta zao. Mwacheni jirani asome ukurasa wake mbele yenu na apige picha ukurasa huo tu. Msimkabidhi daftari alipeleke mahakamani, mara nyingi halirudi.

Kuna hali ambazo maneno yangu hayatoshi na mnahitaji mtu wa kushika kwa mkono. Kama kurasa zimegandana kuwa kama tofali, msizibandue kwa kisu wala mvuke. Kama daftari limeloa sasa hivi, msisubiri, ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili. Lifungeni kwenye mfuko safi na kuliweka kwenye friza ya kawaida, linasimama kama lilivyo hadi mtaalamu apatikane. Kama mtu aliyepangusa ukungu ameanza kukohoa au kubanwa kifua, aache na aende hospitali. Kwa karatasi zenyewe, andikeni barua kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2002, mwombe ushauri wa uhifadhi wa nyaraka binafsi. Na mkiwa safarini Iringa ingieni Boma, lile jengo la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho ya mkoa, muone kwa macho namna vitu vya wazee vinavyowekwa na kuandikiwa maelezo.

Mnapokaa kikao, kiwe cha chama kizima, si cha ukoo tu. Shangazi aketi mbele. Na kabla ya yote, fungueni daftari la kumi na moja mahali mwandiko wa babu ulipoishia. Kama hakuna aliyeandika msiba wake, pigeni mistari kwa rula kama alivyokuwa anapiga yeye, muandike jina lake, tarehe, nani alikuja, alileta nini, na nani alichimba.